Muulize Yaya: Watoto wanne, mwezi wa saba, kisiwa cha Inhaca

Yaya aliishi Maputo miaka ile bwana wake alipokuwa wakala wa forodha kule. Siku hizi amerudi Lubumbashi, na katika ukurasa huu anajibu maswali ya safari ya wasomaji.

Jambo Yaya. Shemeji yangu anafanya kazi Maputo. Ametualika, mimi, bwana yangu na watoto wanne (wana miaka 4, 7, 11 na 14), twende kwake vakansi kubwa ya mwezi wa saba. Anasema atatupeleka wiki moja kwenye kisiwa kinaitwa Inhaca. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuona bahari. Maji tunayojua ni ya ziwa la Tshangalele na ya pisini. Jirani ananiambia mwezi wa saba kule ni baridi, tutamwaga pesa bure, afadhali tungoje Noeli. Bwana yangu anasema kisiwa ni kisiwa, joto halikosekani. Nani ana haki? Na nibebe nini? Aksanti. Mama wa watoto wanne, Kamalondo.

Karibu sana, mama. Huyo jirani ana haki kuhusu maji, bwana yako ana haki kuhusu usiku, na wote wawili wamesahau kitu kikubwa kuliko joto na baridi. Nitakifikia.

Inhaca iko nyuzi 26 kusini ya ikweta, chini kabisa ya Tropiki ya Kaprikoni. Sisi hapa Lubumbashi tuko nyuzi 11 na kitu. Kwa hiyo kule mwezi wa saba ni majira ya baridi ya kweli, na jua linazama mapema, saa kumi na moja na dakika chache jioni. Lakini usiogope upesi. Lubumbashi imekaa juu, mita 1,200 na zaidi. Ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba tunaamka tukipuliza mikono na usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Inhaca iko usawa wa bahari. Maputo mwezi wa saba usiku ni kama nyuzi 14, mchana kama 24 au 25. Mtoto aliyezoea asubuhi za Kamalondo atalala vizuri na shuka moja na blanketi, tena atawashangaa watu wa kule waliojifunga mitandio mpaka masikioni.

Baridi iko ndani ya maji. Mwezi wa saba bahari ile inakuwa na nyuzi 21 hivi. Mtu mzima anaingia, anapiga kelele, anazoea. Mtoto wa miaka 4 anaingia akicheka, baada ya robo saa midomo inageuka rangi naye bado anakataa kutoka. Usimbishie, mtoe. Kitenge kikavu kiwe tayari mchangani, si ndani ya mfuko chini ya sahani.

Na Noeli? Noeli maji yanafika nyuzi 26 au 27, ni kweli, mtoto anaweza kushinda humo. Lakini ndiyo majira ya mvua na mbu, joto la Maputo linakaba koo, ni miezi ya vimbunga katika mfereji wa Msumbiji, na watu wa Afrika Kusini wanateremka kwa wingi na kupandisha bei za vyumba. Mimi Noeli singekwenda hata kwa kualikwa. Kama shule ingewaruhusu, ningesema Pasaka: bahari bado ina joto la kiangazi na mvua zinapungua. Lakini vakansi ya Pasaka ni fupi na safari ni ndefu. Basi nendeni mwezi wa saba, mkijua mnakwenda kutembea baharini zaidi ya kuoga.

Sasa kile kitu kikubwa. Jirani na bwana yako wanabishana juu ya mwezi wa kalenda. Kwa Inhaca uliza mwezi wa angani.

Ghuba ya Maputo ni pana na haina kina sehemu nyingi, na bahari yake inapanda na kushuka sana. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga kabisa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inafika karibu mita 3. Mita 3 kwa wima. Kwenye mchanga uliolala tambarare hizo zinakuwa mamia ya mita za kutembea. Unaamka, bahari iko mlangoni. Unakunywa chai, unaosha vyombo, unatoka: bahari imekwenda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inapanda kidogo na kushuka kidogo, mikondo inakuwa ya upole. Kila siku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Tafsiri yake kwa mama mwenye watoto wanne ni hii. Kule Inhaca, siku za nusu mwezi maji yanakuwa yamejaa katikati ya asubuhi, saa nne saa tano hivi. Hizo ndizo siku za kuogelea na wadogo: jua limeshapasha hewa, maji yako karibu, hayavuti kwa nguvu. Siku za mwezi mpevu mambo yanageuka. Saa nne ile ile bahari iko mbali, na kinachobaki ni uwanja mkubwa wa mchanga, nyasi za bahari na vidimbwi. Hapo ndipo wakubwa wawili, wa 11 na wa 14, watakushukuru maisha yote.

Kwa hiyo mwambie shemeji atazame kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba. Fikeni siku ya nusu mwezi, wakati mwezi unakua, muondoke baada ya mwezi mpevu. Kati ya hizo mbili ni kama siku saba, wiki yenu kamili. Mnaanza na kuoga, mnamaliza na kutembea. Wadogo watakuwa wameshaipenda bahari kabla hawajaona namna inavyokimbia.

Nikwambie mtakachokiona siku hizo za bamvua, upande wa ghuba. Wanawake wa kisiwani wanatoka na ndoo na vipande vya chuma, wanainama, wanachokoa kombe mchangani. Wanajua tundu lipi lina mnyama na lipi ni tupu. Mimi nilichimba matupu mpaka mgongo ukakataa, na bibi mmoja mzee akanitilia konzi mbili za kombe katika kikapu changu bila kusema neno, kwa huruma tu. Watoto watakuta viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, kaa wanaotembea kiubavu, samaki wadogo waliosahauliwa kwenye dimbwi. Mkienda polepole mtaona heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamesimama kwa mguu mmoja. Viatu vya plastiki kila mguu, hata kama mchanga unaonekana laini. Na saa ibaki mkononi mwa mtu mzima, kwa sababu bahari ikianza kurudi hairudi kwa mstari mmoja; inaingia kwanza kwenye mifereji nyuma yenu, ndipo inafika mliposimama. Maji yakigeuka, nanyi geukeni.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 42, njia zake ni za mchanga na magari ni ya kuhesabu. Upande wa magharibi unatazama ghuba, ndio wa watoto. Upande wa mashariki ni bahari kuu yenyewe, ina mawimbi, ni ya kutazama tu. Kaskazini kuna mnara wa taa. Wapelekeni watoto, na mkae pale juu mkitazama maji, kwa maana majira hayo nyangumi wenye nundu wanapita wakitoka baridi ya kusini kwenda kuzalia maji ya joto. Siwezi kukuahidi nyangumi. Naahidi kwamba huyo wa miaka 7 atasema amemwona. Kuna pia kituo cha chuo kikuu cha Eduardo Mondlane cha kuchunguza viumbe wa bahari, tangu mwaka 1951, chenye makumbusho madogo ya kizamani, wanyama ndani ya chupa. Mimi niliyapenda kuliko hoteli yoyote ya pale.

Sehemu moja ikatae: Ponta Torres, ncha ya kusini, pale ghuba inapopumulia baharini kupitia mlango mwembamba. Matumbawe ni mazuri, lakini mkondo wa pale haujui mtoto wala mzee. Kwenda na boti ya mwenyeji na kutazama, ndiyo. Kuoga, hapana.

Feri kutoka Maputo inachukua kama saa tatu. Asubuhi maji yametulia zaidi. Mchana upepo unaamka. Kaeni katikati, karibu na nyuma, watoto watazame mbali na si simu, na tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Jaketi la kuelea la huyo wa miaka 4 nunua au azima mwenyewe kabla. Vyombo vingi vina majaketi ya watu wazima tu, na jaketi la mtu mzima linamtoka mtoto mdogo kichwani. Mkifika wakati maji yamekupwa, msishangae mkiambiwa mshuke mkunje suruali.

Kubeba: triko moja kila mtu, koti jepesi la upepo, kofia, fulana za mikono mirefu za kuogea, krimu ya jua. Ndiyo, krimu, hata sisi weusi; jua la kwenye maji linachoma mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, na pua ya mtoto inabanduka vilevile. Chandarua au dawa ya mbu, kwa maana malaria ipo hata kama mbu ni wachache majira hayo. Pesa za metikali mkononi. Chakula hakitawashinda: kule wanapika matapa, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa karanga na nazi, na wanakula na bukari ya mahindi. Watoto wa sombe watajiona wako kwa nyanya yao.

Makaratasi, kwa haraka. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu, mpaka huyo mdogo. Chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na aliyekwisha kuchanjwa harudii, kadi sasa ni ya maisha yote. Mkipitia Johannesburg, beba cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili. Bwana yako akibaki, beba ruhusa yake iliyoandikwa na kugongwa muhuri. Habari ya visa waulize ubalozi wenyewe, si kundi la WhatsApp la kanisa.

Yaya, nina vijana wawili, miaka 9 na 12, wanaogelea pisini kila Jumamosi na wanaogelea vizuri. Nataka kuwapeleka baharini. Bibi yangu, mama yao, hataki kabisa, anasema bahari inameza watu. Rafiki yangu kazini ameniambia baharini mtu hawezi kuzama kwa sababu ya chumvi. Nimpe bibi yangu jibu gani? Baba wa Ruashi.

Baba, mpe jibu kwamba rafiki yako wa kazini asiwasindikize.

Chumvi inamwinua mtu kidogo, ni kweli, vijana watajihisi wepesi. Ndipo hatari inapoanza, maana wanajiona mabingwa. Pisini ina ukingo kila upande, na maji yake yamekaa. Baharini maji yanakwenda mahali, pamoja na wewe. Kwenye pwani ya mawimbi, maji yaliyosukumwa ufukoni lazima yatafute njia ya kurudi, yanachimba mfereji na kutoka kwa kasi. Kwa macho, mfereji huo mara nyingi ni ile sehemu iliyotulia katikati ya mawimbi mawili, na mgeni anaichagua kwa sababu ya utulivu wake. Anayekamatwa anageuka kupambana na maji ili arudi moja kwa moja ufukoni, anachoka, anazama. Wafundishe vijana wako kabla ya kufunga mizigo: ukivutwa, usipigane, elea, pumua, inua mkono, kisha ogelea kwa kufuata ufuko, kushoto au kulia, mpaka mvuto ukuachie, ndipo urudi. Waambie waeleze wenyewe kwa mama yao. Bibi yako akisikia mtoto anaeleza, atalainika kuliko ukieleza wewe.

Halafu wewe. Uko ndani ya maji pamoja nao, mpaka kiuno, si kwenye kiti na simu. Huyo wa miaka 9, uweze kumshika bila kupiga hatua.

Jambo la pili: upepo ukitoka baharini siku kadhaa, unaleta viputo vya buluu vyenye nyuzi ndefu chini yake. Vinaonekana kama mpira wa kuchezea, na vinachoma hata vikiwa vimekufa mchangani. Mtoto akichomwa, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kadi au kijiti, si kwa vidole vitupu, kisha zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya moto ambayo wewe mwenyewe mkono wako unayavumilia, nyuzi 45 hivi, kama dakika 20. Maji ya moto yanasaidia pia kwa miiba ya samaki. Mkojo, ninaoambiwa habari zake kila mwaka, uacheni chooni. Akivimba uso au akipumua kwa shida, ni hospitali, hakuna kungoja.

Na mwenye boti akisema leo hatutoki, leo hamtoki. Nilikuwa kwenye kundi la wageni walionuniana na kijana mmoja wa boti kwa sababu aliangalia mawingu ya kusini akarudisha nanga. Mbingu ilikuwa buluu juu yetu, watu walikuwa wamelipa, mmoja akamwita mvivu. Kabla ya chakula cha mchana ghuba yote ilikuwa nyeupe kwa povu. Nilimlipa siku yake nzima. Wengine walidai warudishiwe pesa, na mpaka leo nawashangaa.

Yaya shikamoo. Nina miaka 15. Tunakwenda kisiwani na familia, na rafiki zangu wameniagiza makombe ya kutengeneza mikufu tuuze shuleni. Nichukue yapi mazuri? Binti wa Kampemba.

Marahaba, mwanangu. Usichukue. Bahari ya kuzunguka Inhaca ni hifadhi, na hifadhi ya taifa ya Maputo, ng'ambo ya pili, iliandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2025, walinzi hawachezi. Tena kombe zuri tupu lina mpangaji: kaa mdogo asiye na gamba lake mwenyewe anahamia humo. Na lile zuri kuliko yote, lenye umbo la pia na michoro kama kitenge, mwenyewe akiwa hai ndani ana mwiba wa sumu. Baadhi ya aina zake zimewahi kuua mtu. Piga picha. Mikufu tengenezeni kwa malakiti, lile jiwe letu la kijani; soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, lina mafungu yake.

Yaya, nasoma habari zako za ndege na feri nacheka peke yangu. Mimi ni mwalimu, nina watoto watano. Hakuna mchanga wa karibu kwa mtu wa mshahara wangu? Mwalimu wa Katuba.

Upo, mwalimu, na ni mweupe kweli: Samfya, kwenye ziwa Bangweulu, nchini Zambia. Mnapita Mokambo, mnashika ile barabara inayokata ulimi wetu wa Congo mpaka daraja la Chembe juu ya Luapula, lililofunguliwa mwaka 2008. Zamani palikuwa na kivuko na foleni. Toka hapo Mansa, kisha Samfya. Ukisimama ufukoni huoni ng'ambo, maji na mbingu vimeshonwa pamoja, na mtoto ambaye hajui atakuambia hii ndiyo bahari. Ziwani kuna visiwa vya wavuvi, Chishi na vingine, na boti za abiria zinazokwenda huko.

Tofauti na bahari ni mbili, na zote zina meno. Mamba wapo, na kichocho kipo. Kwa hiyo kabla mtoto hajavua shati, waulizeni wavuvi wa pale, siyo mwenye hoteli, ni wapi watoto wao wanaoga na saa ngapi. Mahali penye majani na matete pasiguswe. Jioni na alfajiri hakuna kuingia majini. Mkirudi Lubumbashi, baada ya miezi miwili wapeleke watano wote wapimwe kichocho, hata asiyelalamika. Dawa yake, praziquantel, haina gharama ya kumtisha mwalimu.

Ukienda mwezi wa saba, beba matriko. Samfya nayo imekaa juu, zaidi ya mita 1,100, na upepo wa ziwa usiku hauna adabu.